Mpira Juu, Duara Chini

Nyarugusu, Geita
10 Januari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini tumbaku imepata mvua na miguu yako imepoa. Sisi ni wazima, Nelly ameingia darasa la pili. Simu nimeacha kukupigia kwa sababu husikii vizuri, nami habari hizi sitaki kuzipigia kelele mbele za watu.

Jumamosi AFCON inaanza kule Ivory Coast, na kibanda umiza changu cha kuonyeshea mpira kitajaa. Vijana wanabishana. Yupo mmoja, Maige, mchimbaji anayekaa benchi la mbele kila mechi, anasema Tanzania iliwahi kwenda zamani sana. Wenzake wanamcheka. Nikawaambia nitamuuliza baba, yeye alikuwepo.

Kuna jambo jingine. Mchana kibanda kikiwa kitupu, nasikia kitu kinagonga chini ya sakafu. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga tena. Duara la Mihayo, lile shimo lake la dhahabu, liko nyuma ya ukuta wangu. Najiambia ni panya. Lakini panya hawagongi hivyo.

Binti yako,
Paskazia


Ushetu
14 Januari 2024

Kwa mwanangu Mama Nelly,

Marahaba. Huku mhola tu, amani, mvua ipo, miguu ndiyo ile ile.

Mwambie Maige kasema kweli. Ilikuwa Machi 1980, mashindano yalikuwa Lagos. Nilikuwa kijana bado, nabeba marobota ya pamba Kagongwa. Tulizunguka redio moja dukani, watu hadi barabarani. Wanigeria walitufunga tatu kwa moja, na mwishowe wao ndio waliochukua kombe. Misri wakatufunga mbili kwa moja. Na hao hao Ivory Coast tukatoka nao moja moja. Usiku ule tuliimba kama tumeshinda.

Tukadhani tutarudi mwaka unaofuata. Tulirudi 2019, kule Misri, mimi nina wajukuu. Senegali, Kenya, Aljeria, wote wakatupiga. Hii ni mara ya tatu, mwanangu, na hatujawahi kushinda hata mechi moja.

Sasa sikiliza. Hilo la kugonga limeninyima usingizi. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nelly asilale tena chumba kinachopakana na kibanda.

Baba yako,
Mayala


Nyarugusu
18 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Tu wazima, ila naandika haraka, unisamehe mwandiko.

Jana Moroko walitufunga tatu bila. Watu walijaa mpaka wakasimama ukutani. Leo asubuhi Maige alikuja. Jana hakuwepo, zamu yake ilikuwa chini, kwenye duara la Mihayo. Nikamuuliza kama amesikia matokeo. Akasema, "Mlipiga kelele, halafu mkanyamaza mara tatu. Nikajua tumefungwa tatu."

Baba, alikuwa chini ya mabenchi yangu. Wameufuata mwamba wenye dhahabu hadi chini ya kibanda. Anasema udongo unawamwagikia kila watu wa kibandani wanaporuka, na miti ya kuzuia ni michache. Nilimsihi asishuke tena. Akasema ana watoto.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Amesema atalitazama mashindano yakiisha. Nikaenda kwa Mihayo mwenyewe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alinipa kiti. Akasema, "Mama Nelly, juu ni kwako. Chini si kwako." Tangu hapo vijana wake wawili wanakaa mlangoni kwangu.

Jumapili tunacheza na Zambia. Nikifunga kibanda watanivunjia mlango. Nikifungua, sijui.

Paskazia


Ushetu
20 Januari 2024

Mwanangu,

Sikuulizi hali, naijua. Toa televisheni nje. Watakuita mwoga, nyamaza. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Asiingie mtu mle ndani, hata mmoja.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi.

Baba


Nyarugusu
25 Januari 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nelly yuko salama, nami niko salama. Nimeanza na hilo ili usome yaliyobaki umekaa.

Barua yako ilifika Jumapili mchana. Nilifunga mlango nikaficha ufunguo kifuani, nikapeleka televisheni na king'amuzi kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Watu walinuna. Mihayo akaja akawatangazia kwamba kibanda ni kizima, mwanamke huyu anamharibia jina. Wengine wakaanza kunisukuma nitoe ufunguo. Nilikuwa naogopa, lakini sikuutoa. Mpira ukaanza, wakaniacha.

Dakika ya kumi na moja Tanzania ikafunga. Baba, uwanja mzima uliruka. Mimi sikuruka. Nilikuwa nauangalia mlango wangu, nikingoja. Hakikuanguka kitu. Zambia walisawazisha mwishoni, watu wakaondoka wakinicheka.

Jumatatu asubuhi nilifungua nikachukue mabenchi. Nilikuwa bado kizingitini. Sakafu ilikwenda chini yote kwa mara moja, na mabenchi, na nusu ya ukuta, vumbi likanipanda usoni. Halafu nikasikia watu wakilia ndani ya ardhi.

Walikuwa watatu. Tulichimba kwa majembe na kwa sufuria, hata wale vijana wa mlangoni walichimba. Wawili walitoka. Tulimwita Maige hadi jioni. Nililala kifudifudi ukingoni nikamwita kwa jina lake, nikamwambia tumetoka sare, moja moja, maana nilijua angetaka kujua. Walimtoa Jumanne akiwa maiti. Mihayo hayupo, wanasema amevuka Kahama.

Jana tulitoka sare na Kongo, bila bila, mashindano yamekwisha kwetu. Nimesikia kwa jirani. Wanasema AFCON ya 2027 itachezwa hapa hapa kwetu, na wengine wameanza kuniuliza nitajenga wapi kibanda kipya. Wanasema niliwaokoa. Ninapolala nasikia ardhi inapumua, naamka nampapasa Nelly kama yupo.

Jumamosi tunakuja. Usituandalie kitanda, baba. Tutandikie mkeka tu, mahali ambapo pamechimbwa kwa jembe lako, si chini zaidi ya hapo.

Binti yako,
Paskazia