Unga Ukishapumzika

Kwa mdogo wangu Asha, nyumba ya baba, Kaole.

Asalaam aleikum mdogo wangu. Mimi dada yako Mwantumu ni mzima. Najua kila barua huanza hivyo na watu hupita hapo mbio wakatafute habari. Wewe usipite. Mwambie anayekusomea arudie: Mwantumu ni mzima, anakula, analala, anakwenda chooni na mkongojo wake, na hivi sasa amekaa kwenye kiti anasema maneno haya, Rehema anayaandika. Rehema ni mtoto wa Lamu, anafanya usafi katika nyumba hii ya wazee niliyowekwa huku Uholanzi. Nimemwambia andika ninavyosema, usinipambe.

Na wewe hujambo? Mguu ule unaovimba umepoa? Mihogo ya Makurunge mmeing'oa au nguruwe wamewatangulia? Na lile bati linalovuja juu ya kitanda changu mmeliziba? Nauliza kwa sababu nasikia kitanda kimepata mwenyewe.

Ngoja nianzie nyuma, maana nikianzia hapo nitatukana, na Rehema hataki kuandika matusi.

Unajua mwanangu Shabani alivyonichukua. Mama njoo ukae na wajukuu, mama njoo, mke wangu anafanya kazi. Nikaja. Nimewalea wale wasichana wawili, nimewaogesha, nimewabeba mgongoni na baridi ya huku inayouma kama siafu. Walipojua kujifunga viatu wenyewe, mimi nikaanguka kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Tangu hapo nikawa kama kile kinu cha mama kilichopasuka, unakikumbuka? Hakitwangi, hakitupwi, na kila apitaye anajikwaa.

Sasa huku kuna biskuti. Wanaziita spekulasi. Wanazioka baridi ikianza, wana sikukuu yao ya kuwapa watoto zawadi. Mwaka wa kwanza niliposikia ile harufu nilitoka chumbani mbio, na nguo ya kulalia, nikijua kuna pilau. Mdalasini, karafuu, kungumanga, iliki, tangawizi, mpaka pilipili manga! Kumbe wanavitia kwenye biskuti. Chakula chenyewe hawatii kitu. Viazi vinachemshwa vinaliwa hivyo hivyo, utadhani nyumba nzima inaumwa tumbo.

Mke wa Shabani anaitwa Mariki. Mrefu, mwembamba, mkono wake mkavu lakini kwenye unga ni hodari, siwezi kumnyima haki yake. Anachanganya unga, siagi, sukari ile nyeusi nyeusi, na viungo, anakanda, halafu anaufunga anautia kwenye friji. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona huoki?" Akanijibu kwa Kiswahili chake alichofundishwa na Shabani, "Hapana, Mama. Unga lazima apumzike." Nilicheka mpaka machozi. Unga upumzike, umetoka kulima? Kesho yake ndiyo anautoa, anaushindilia kwenye kalibu ya mbao iliyochongwa umbo la mtu, anaipiga mezani pa! mtu anaanguka. Watu hao wakishatoka motoni, kila mtu wa nyumbani anaandikiwa jina lake kwa sukari. Wangu nilikuwa nampata kila mwaka. Jina siwezi kulisoma, lakini nikiambiwa huyu wewe, nafurahi, namla miguu kwanza.

Na mimi nilikuwa nawasaidia. Nilikuwa nakuna kungumanga, wanalikuna kwa kitu kidogo chenye meno, na kila mara nakukumbuka wewe na ile harusi ya shangazi yetu wa Miono, tunakuna nazi, ukanisukuma kwa kicheko chako kile cha kipumbavu, mbuzi ya nazi ikanila dole gumba. Damu kwenye machicha, na shangazi akasema pikeni tu. Watu wakala wakasifu.

Mwaka huu Mariki akapanga watu wake mezani. Mimi nimekaa nawahesabu. Huyu nani? Shabani. Huyu? Mimi. Hawa wadogo? Watoto. Huyu? Mama yangu. Na huyu mwenye kichwa kikubwa? "Huyo wa Boni."

Boni ni mbwa, Asha.

Nikasema, "Na mimi niko wapi?"

Shabani alikuwa anaosha sufuria, akaendelea kuiosha ile ile. Wasichana wakatazamana. Mariki akanijia, akanishika bega, akasema, "Mama, siku hiyo wewe hapana hapa. Wewe nenda mahali pa kupumzika. Nzuri sana. Iko bustani."

Nikamwambia Shabani, "Geuka." Hakugeuka. Nikamwambia, "Shabani, mbwa yupo mezani, mama yako hayupo?" Akasema, "Mama, usianze." Nami nilikuwa sijaanza. Ndivyo nilivyojua nahamishwa: kwa kuhesabu biskuti. Hakuna aliyenikalisha chini akaniambia.

Wakanileta hapa. Bustani ipo kweli, ina benchi na barafu. Wazee wenzangu wanalala na midomo wazi mbele ya televisheni. Nikaona sawa, nitampigia mdogo wangu, anitandikie chumba changu nirudi kwetu nikafe na watu wanaonijua. Rehema akanipigia kwa simu yake. Akapokea mwanao Zuhura.

"Nani?"

"Mimi mama yako mkubwa."

"Mama mkubwa yupi?"

"Una mama wakubwa wangapi wewe? Mwantumu!"

Alipiga ukelele nikadhani kaumwa na nyoka. "Audhubillahi! Mama mkubwa tumeshamsomea hitima! Kamtanieni mama yenu!" Nikasema, "Hitima gani?" Akasema, "Doti zake tumeshagawana, hapa hamna cha kutapeli!" Akakata. Tumepiga tena na tena, haipokelewi. Rehema anasema ametufungia.

Basi alipokuja Shabani kuniona nikamuuliza, "Ulimwambia nini mama yako mdogo?" Akatazama viatu vyake. "Nilimwambia mama tumempumzisha. Akaanza kulia."

"Ukamwambiaje?"

"Simu ikakatika."

"Hukupiga tena?"

"Nilipiga. Nikakuta kilio kimeshajaa ndani, watu wanasoma. Nikaona... basi."

"Basi nini, Shabani?"

"Mama, kila siku wewe ni nataka kurudi, nataka kurudi. Na mama mdogo kila siku ni mara mlete, mara usimlete. Nikaona hivi mtapumzika nyote."

Akaniachia machungwa akaenda zake. Mwanangu wa kuzaa. Rehema hapa anafuta macho, nimemwambia asinilowanishie karatasi.

Yeye nimeshamaliza naye. Sasa nakuja kwako.

Wewe, Asha, hukuuliza kaburi langu liko wapi? Hukuuliza nimeumwa nini, kaniosha nani, kanisalia nani kwenye nchi ya viazi vya kuchemsha? Ukaambiwa neno moja kwenye simu, ukapasua kilio, ukapika pilau. Tulipompoteza kaka baharini ulikaa mwaka mzima unasema huenda amesombwa akatokea pwani nyingine, hukukubali mpaka ulipochoka mwenyewe. Mimi ulinikubali kabla maji ya wali hayajachemka. Na chumba changu ukampa Zuhura na mume wake, usikatae, nimeshamsikia mtoto analia ndani ya simu. Nataka kujua kitu kimoja tu: ulisikia vibaya, au ulisikia ulichokuwa unakitaka? Rehema ananiambia, bibi, hili tuliache. Liandike.

Haya. Nisalimie shemeji mume wako, najua alikula hitima yangu sahani mbili. Msalimie mwalimu wa chuo aliyenisomea, dua zake zimefika mapema, azihifadhi. Msalimie jirani yetu Bi Tatu muosha maiti, mwambie kazi yangu anayo bado, asimpe mtu. Zuhura msalimie, na ile doti yangu ya rangi ya zambarau asiikate, nitaivaa.

Kuna mtu wa Rehema anakuja Dar, ndiye atakayekuletea barua hii na mkebe mkononi. Usiogope kuufungua. Ni spekulasi, tumezioka jikoni kwa Rehema siku yake ya mapumziko. Mariki nilimuomba kalibu akaninyima, anasema ni ya bibi yake, ni ya familia. Basi nimewafinyanga kwa mkono. Unga niliukanda mimi, Rehema akataka kuutia kwenye friji, nikamwambia weee, kwangu hakipumzishwi kitu tena. Ukaingia motoni vile vile. Ndiyo maana wamekaa upande upande.

Wako wawili. Yule mnene ni wewe. Mimi ni yule mwembamba aliyebonyezwa kifuani. Mtoe, mpeleke dirishani penye mwanga, umtazame vizuri. Unajua sikusoma, maisha yangu yote nikitakiwa jina natia dole. Hilo ni dole langu, na hilo kovu katikati unalijua, wewe ndiye uliyelitia. Hakuna tapeli mwenye kovu hilo.

Ukishaliona, chagua. Kama chumba changu utanirudishia, nirudishe kwenye mkebe, niweke juu ya kabati, hizi hazivundi, zitangoja mpaka nitakapokuja. Na ukiona Zuhura ameshazoea kitanda, basi usijisumbue kunijibu. Pika chai, waite wote, mnile. Hitima mlisoma bila maiti. Maiti yenyewe ndiyo hiyo imewafikia, tamu, ina karafuu.

Ni mimi dada yako, Mwantumu. Jina kaliandika Rehema. Dole liko kwenye mkebe.