Jasho Bila Shamba

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Amerudi tena amelowa jasho mpaka kola ya shati. Nikamuuliza, umelima wapi leo? Akacheka. Hajalima popote! Alikuwa dispensaire, zahanati ya misioni, saa nzima, juu ya baiskeli isiyokwenda. Siandiki uongo. Muganga Damien ameitoa gurudumu la mbele, la nyuma ameliinua juu ya vigogo viwili, na mume wangu anakaa pale akikanyaga pedali huku anatazama ukuta. Anakanyaga, anakanyaga. Akishuka, yuko palepale.

Nimeolewa miaka kumi na sita. Ninajua jasho lake la kupasua mbao, jasho la kulima, jasho la homa. Hili silijui.

Damien anasema mfupa uliovunjika Novemba, mti ulipomwangukia, umeshika vizuri. Nyama ya paja ndiyo imelala, na baiskeli itaiamsha. Mbona jembe lisiiamshe? Nikajibiwa kwamba jembe linataka mtu asimame, na goti bado haliwezi kumbeba mtu mzima. Ehee. Goti halimbebi shambani lakini linapiga pedali saa nzima.

Ninaandika katika kaye, daftari la hesabu la binti yetu Libérata, kurasa alizobakiza. Nikisema kwa mdomo, wataniambia nina roho mbaya.

Jumatano, 7 Agosti

Niandike jambo lenyewe, maana ndilo linaloninyima usingizi. Shamba la juu.

Baba mkwe alipokufa alimwachia mume wangu, mkubwa, shamba la kileleni. Mdogo wake Védaste alipata la chini, kwenye kijito. Katika ukoo huu shamba la urithi linafunguliwa kila mwaka kabla ya mvua za Septemba. Mwenye shamba anapanda kwa miguu yake, bila fimbo, bila kushikwa, analima mstari wa kwanza ndugu wakitazama. Ndipo sisi wanawake na watoto tunaingia. Mke hawezi kufungua. Mwenyewe akishindwa, ndugu anafungua — na mwenye jembe lililofungua ndiye mwenye shamba. Basi. Hakuna kesi.

Siku ya Pasaka, tukiwa tumekaa kwa mama mkwe, Védaste alisema: «Kaka, shamba haiwezi kungojea muguu.» Alisema polepole, anatazama chini. Mimi sauti ya polepole siiamini.

Siku ni Jumamosi, tarehe 14 Septemba. Maharagwe yetu yote yanatoka kule, na viazi. Hapa nyumbani tuna sombe tu, majani ya muhogo, na migomba sita. Watoto wanne!

Jumamosi, 10 Agosti

Mama mkwe, Nyirabagenzi, alikuja kuchukua moto. Akamkuta mwanawe anajipangusa.

«Jasho bila shamba!» akasema. «Ile kintu inakunywa nguvu ya mutoto yangu. Inaipeleka wapi?»

Nilicheka, lakini swali zuri. Nguvu ikitoka lazima iingie mahali. Muheto, kijiji kizima, inajiuliza. Sokoni wanasema kuna kamba inapita ukutani, na upande wa pili kuna kinu, mume wangu anawasagia Mapadri ngano yao. Jirani yangu Rosalie alikwenda mwenyewe kuzunguka nyuma ya dispensaire kutafuta hicho kinu. Alikuta mbuzi amefungwa. Akarudi akasema, basi wamekificha.

Jumanne, 13 Agosti

Leo nimefanya jambo. Alilala baada ya kula. Nikachukua metre yangu ya kushonea, nikampima mapaja polepole kama ninayemfukuzia inzi. La kulia: 48. La kushoto: 41.

Arobaini na moja! Mkono wa Damien umenenepa kuliko hilo. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya jiko, halafu nikakoroga ugali.

Alhamisi, 15 Agosti. Bikira Maria kupalizwa mbinguni

Sikukuu. Watu wote wako kanisani mpaka mwisho, Damien anaimba besi. Mimi nikatoka kabla ya baraka. Mungu anisamehe.

Dispensaire haikufungwa. Nikaipanda ile baiskeli! Nikakunja kikwembe, nikakanyaga. Mwanzo kicheko. Kisha nikauona mkanda wa mpira ambao Damien ameukaza juu ya gurudumu la nyuma ili likatae kuzunguka. Si mchezo. Ni kama kupanda kwenda shamba la juu na kikapu kimejaa, ila hufiki. Hesabu ya mia mbili, pumzi ikaniishia.

Nikashika usukani nishuke. Kidole kikagusa kengele. Kengele haina kifuniko, ni chuma kitupu na skrubu. Nikakwangua kwa kucha matope yaliyopakwa kwenye fremu: chini yake rangi nyekundu.

Ninaijua hii baiskeli. Ni ya Védaste! Ndiyo aliyokuwa akibebea chumvi na mafuta ya mawese kutoka Pinga, mpaka ikavunjika mbele mwaka jana.

Ijumaa, 16 Agosti

Mapaja yananiuma, mbele, juu ya goti. Palepale panapouma nikitoka mlimani. Kwa hiyo si uongo mtupu, hii baiskeli inafanya kazi fulani. Nakubali. Nimekubali katika kaye, sitakubali mbele ya mtu.

Lakini ya Védaste! Nikaenda kumuuliza Damien. Akatazama dirishani kwanza — nimeona. Akasema Papa Védaste aliileta mwenyewe begani mwezi wa saba, akasema: «Usimuambie kaka.»

Juu ya nini asiambiwe? Mtu anayetaka shamba lako anakupa kiti chenye pedali, ukae saa nzima kila siku unatazama ukuta, siku ziishe. Ukifika mlimani umezoea kukaa. Mimi hivyo ndivyo ninavyoliona. Wema wa kweli haujifichi chini ya matope.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia mume wangu baiskeli ni ya nani. Aliendelea kumenya ndizi, akamaliza mkungu mzima. Mchana hakwenda dispensaire.

Jumatano, 21 Agosti

Hakwenda.

Ijumaa, 23 Agosti

Hakwenda. Amekaa mlangoni anachonga mpini wa jembe ambao hauhitaji kuchongwa. Nilipompima Jumapili, kabla sijafungua mdomo, paja lilikuwa 43. Leo 42 na nusu. Labda nimeikaza metre mno.

Mimi na mdomo wangu! Nimemsaidia Védaste kazi yake bure. Au nimemwokoa mume wangu. Sijui ni lipi, na siku zinakwenda.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya misa nilimngojea Védaste nje. Nikamuuliza wazi, shemeji, baiskeli yako inatafuta nini kwetu?

Akavua kofia. «Shemeji, weye unawaza niko na mutego. Mutego gani, muntu anatoa kinga yake, baiskeli yake?»

Nikamwambia panya naye hupewa karanga.

Hakucheka. Alisema tu kwamba shamba likikaa bila kufunguliwa baba yao atakuwa amekufa mara mbili, na yeye hataliacha likae. Kisha akanisalimia watoto wote kwa majina. Hata jina la mdogo, ambalo baba yake mwenyewe hukosea! Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Nikamweleza mume wangu neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu: «Kama iko mutego, nitaikanyaga mupaka ivunjike.» Kesho anarudi kule.

Alhamisi, 5 Septemba

45!

Nilidhani metre imevutika. Nikapima meza ya kushonea: ileile. Nikapima kiuno changu: afadhali ningeacha. Basi ni paja kweli. Anaenda mara mbili kwa siku sasa, asubuhi na mchana, kwa njia ile ya tambarare, na fimbo anaibeba kwapani badala ya kuiegemea.

Leo nilimsindikiza. Damien alimpandisha ngazi za kanisa, kumi na mbili, mikono mitupu. Alipanda! Nikapiga vigelegele peke yangu, Padri akachungulia dirishani. Kushuka alishika ukuta, upandeupande, mguu wa kushoto mgumu.

Nikamuuliza Damien, na kushuka je? Maana baiskeli yako sijaona mteremko wake.

Walicheka wote wawili. Damien akasema: «Mama Libérata, kupanda njo kazi. Kushuka kunakuya yenyewe.»

Nami nikacheka.

Jumatano, 11 Septemba

Mawingu upande wa Ngungu. Védaste alipita barabarani na jembe jipya begani. Alisalimia. Jembe jipya la nini?

Ijumaa, 13 Septemba

Kesho. Amelala mchana kutwa. Nimepika maharagwe ya mwisho ya mwaka jana. 46.

Jumamosi, 14 Septemba

Saa kumi. Niko uani, mlima wote uko mbele yangu, na kama sitaandika nitajitafuna vidole.

Amefungua! Niandike hilo kwanza, lisipotee. Asubuhi, mbele ya ndugu wote, aliiacha fimbo mlangoni kwetu, akaweka jembe begani, akapanda. Nilikuwa nyuma yake na kikapu, macho yangu kwenye mguu wa kushoto tu. Pale penye mawe alisimama mara mbili kupumua. Mara ya pili nilisikia Védaste nyuma yangu anapumua naye, kwa nguvu, kama mtu anayengoja kuitwa. Jembe jipya alikuwa nalo. Mume wangu akapangusa uso akaendelea. Kile kipande cha mwisho, ambacho mbuzi wanakipanda kwa kulalamika, alikipanda kama ngazi za kanisa. Akalima mstari wote, kuanzia mti wa mpaka hadi mawe ya baba yake. Mama mkwe alilia waziwazi. Védaste ndiye wa kwanza kumpa mkono, kisha akaingia shambani akalima mstari wa pili, wa tatu, wa nne, wala hakuombwa. Jembe jipya kazi yake ilikuwa hiyo? Au alilileta kwa nyingine na nyingine imemshinda? Nilimtazama usoni nisione kitu.

Nilikuwa na furaha. Ninaiandika kwa sababu ilikuwapo: nilikuwa na furaha kubwa sana.

Tukalima, tukala, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi. Mawingu yakaja. Watu wakaanza kushuka. Mume wangu akasema, «Mutangulie, niko naangaria mupaka.» Nikaamini. Mtu aliyepata shamba lake ana haki ya kutembea mpaka.

Nilipofika kwenye yale mawe ya njiani niligeuka. Alikuwa amechukua hatua kama kumi chini. Goti lilitetemeka — niliona kutoka kule! Akasimama. Akajaribu upandeupande. Akakaa chini. Kisha akarudi juu, haraka, bila shida yoyote, kama mtu aliyesahau kitu.

Hajasahau kitu. Goti linajua kupanda. Kushuka hakuna aliyelifundisha. Wiki sita za kukanyaga, na mimi nilisema kwa mdomo wangu, mteremko uko wapi, halafu nikacheka nao! Nimekuwa ninapeleleza kamba, kinu, rangi, kengele, nyuso za watu. Kitu chenyewe kilikuwa mbele yangu kwenye ngazi kumi na mbili.

Nilitaka kurudi juu. Mama mkwe akanishika mkono. Mke akipanda kumchukua, itasemwa miaka yote. Nikamuuliza, mama, na akishushwa? Ukoo unasemaje? «Banasema tu kupanda. Kushuka sijasikia muntu aliuliza.»

Védaste hakushuka na wengine. Nimemtafuta hapa chini nyumba kwa nyumba, hayupo. Yuko juu. Sasa ninawaona wote wawili, wadogo, kwenye ukingo wa shamba. Mume wangu amesimama, amelikita jembe ardhini, ameliegemea. Ndilo fimbo yake sasa. Nyua zote za Muheto zinatazama mlima huohuo, ila wote wanajifanya wanaanua nguo.

Védaste ameweka jembe lake jipya chini. Amekwenda mbele ya kaka yake, amemgeuzia mgongo, amechuchumaa. Anataka kumbeba!

Mgongo wa ndugu? Au ndio mwisho wa mtego, ashuke mbele ya watu wote kama mtoto anayetoka kuchanjwa? Nikipiga kelele akubali, sitajua nimesema nini. Nikipiga kelele akatae, mvua itamkuta kule, na njia ile ikilowa hata mwenye magoti mawili anateleza.

Mume wangu hatembei. Sasa anainama kidogo. Ili apande mgongoni anahitaji mikono yote miwili kwenye mabega ya mwenzake, na mkono mmoja una jembe. Lile lililofungua, na mwenye jembe lililofungua ndiye mwenye shamba.

Mvua imeanza kwenye kaye, nitaharibu maandishi.

Védaste amegeuza kichwa. Mume wangu ameling'oa jembe ardhini. Anamnyooshea ndugu yake, mpini mbele.

Védaste ameinua mkono. Kutoka hapa sioni kama anapokea au anakataa