Walivyoniomba Nisiangalie Fainali

Ijumaa, jioni. Vumbi limefunika Doha tangu alfajiri, maghorofa ya upande wa bahari yamepotea kabisa, na mimi leo ni siku yangu ya mapumziko. Nina wivu. Nimelisema mapema ili nisilizungukezunguke halafu nikalala nalo.

Naionea wivu timu ya mpira ya chuo changu cha zamani. Yaani si timu yenyewe, ni watu wanaoishangilia.

Kwa asiyenijua: nilisoma kilimo na mifugo katika chuo kidogo huko bara, chuo chenye ng'ombe wengi kuliko wanafunzi. Timu yetu inaitwa Jembe. Miaka yangu yote pale, kazi ya Jembe ilikuwa kufungwa. Tulifungwa na chuo cha ualimu, tukafungwa na chuo cha uuguzi, na mwaka mmoja tukafungwa na wapishi na madereva wa chuo chetu wenyewe, tena kwenye mechi ya kirafiki iliyoandaliwa ili wachezaji wetu wapate moyo.

Mimi ndiye nilikuwa mpiga pipa. Lilikuwa pipa la plastiki la bluu lililokuja na molasi ya kulishia ng'ombe. Nililiomba zizini, nikalisugua mpaka harufu ikaisha, nikaligeuza kitako juu na kuanza kulipiga. Mashabiki tulikuwa wachache, tumevaa mabuti ya zizini, tunaimba huku mabao yanaingia. Waliniita Mama Pipa. Kuna watu wa vyuo vingine walikuwa wanakuja kutuangalia sisi, mpira hawana habari nao.

Nikamaliza chuo, nikatafuta kazi, kazi ikawa hakuna, nikaja huku kufua mashuka ya hoteli.

Nilipoondoka tu, Jembe ikaanza kushinda.

Msimu huu ndio wamevuka mipaka. Wamepata mshambuliaji, kijana mmoja mrefu anayevaa namba tisa, na kipa ambaye mpira ukimfikia umefika mwisho. Wauguzi wamepigwa. Walimu wamepigwa. Kila Jumamosi kundi letu la WhatsApp linajaa picha za watu wanarukaruka, na wengi wao siwajui hata kwa sura. Mbele yao wote yupo Zawadi, binti wa mwaka wa pili, na pipa langu.

Amelipaka rangi. Kijani na nyeupe.

Nyimbo anazoimba nilizitunga mimi, ila amezikimbiza, amezitia na viuno. Mashabiki wake wamejaa upande mzima wa uwanja na mabuti yote yamesafishwa yanang'aa. Wanashangilia kama watu ambao tangu wazaliwe hawajawahi kufungwa. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tulivyofundishwa. Mimi juani nilikaa. Kivulini naona wamekaa wengine.

Ningeweza kuumia hivyo kimyakimya, kistaarabu, kama isingekuwa laivu. Kuna mwanafunzi huwa anarusha mechi laivu kwa simu yake. Mara ya kwanza nilipoingia nilikuwa na furaha nikaandika, "Mama Pipa nipo!" Kabla hawajamaliza kunisalimia tukafungwa bao, mechi ikaisha sare. Mechi iliyofuata nilikuwa zamu, wakashinda. Nyingine nikaangalia, wakafungwa na chuo ambacho hata sisi wa zamani tulikuwa tunakibana. Nikaingia zamu tena, wakashinda tena. Nusu fainali nilichelewa kutoka kazini, nikaingia laivu wakiwa wanaongoza mabao mawili. Nikaandika hongereni. Mabao yote mawili yakarudi, wakaja kuokolewa na penalti.

Mtu akaandika, "Mama Pipa TOKA!" na vikaragosi vya kucheka. Na mimi nikacheka. Kesho yake wakaandika wengi, wasiocheka. Neno likazunguka kwenye kundi, likanizunguka na mimi: gundu, mkosi unaotembea. Kwamba miaka ile yote hatukuwa timu mbovu. Gundu lilikuwa linapiga pipa.

Jumatano ikaja sauti ya Mwalimu Sanga, mlezi wa timu. Huyu ni mtu aliyenifundisha udongo na mbolea, mtu wa kupima kila kitu kwenye maabara. Alianza kwa kunisalimia sana, na Mwalimu Sanga akisalimia sana ujue kuna jambo.

"Binti yangu, mimi haya mambo siyaamini. Lakini vijana wameingiwa na maneno. Wakisikia umo kwenye laivu, miguu inakuwa mizito. Nakuomba mwanangu, hii fainali utupishe. Ukishaisha mchezo tutakutumia picha zote."

Utupishe.

Nilimjibu, "Sawa mwalimu, nawatakia kila la heri." Kisha nikaenda kujifungia bafuni.

Nikamsimulia Achieng, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja hapa mtaa wa Najma. Yeye anafanya kazi ya ulinzi na hana subira na upuuzi. "Ati nini? Wakuchagulie cha kutazama kwa simu yako, na bundles zako? Zii, Rehema. Ingia na account yangu, hakuna mtu atajua."

Niliwaza. Siku mbili nzima niliwaza hilo tu, huku napanga mataulo. Kilichonizuia si adabu. Niliogopa kwamba gundu halisomi jina la akaunti.

Ndiyo hivyo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Leo saa tisa alasiri nikamkabidhi Achieng simu yangu, nikamwambia asinipe hata nikilia, nikavaa barakoa kwa ajili ya vumbi na kutoka. Nilitembea kutoka Najma mpaka Bin Mahmoud bila sababu yoyote. Ubaya wa Doha ni kwamba saa zake ni zilezile za nyumbani. Ningekuwa Amerika ningejidanganya kwamba labda bado, labda wameshamaliza. Hapa, saa kumi ya ukutani ni saa kumi ya uwanjani, filimbi imelia na mimi nimesimama nje ya duka la chai.

Nikaingia, nikaagiza karaki, chai yao nzito ya maziwa, na chapati. Televisheni ilikuwa inaonyesha kriketi. Nikakaa kuangalia mchezo nisioujua, watu wanashangilia, nami sielewi nani kafanya nini. Mzee wa kaunta akaniuliza kwa ishara niko upande gani. Nikamwonyesha wale wenye bluu. Akafurahi, akaniongeza chai.

Pale ndipo nilipojaribu kuwaombea. Kweli nilijaribu. Nikasema, Mungu, wape Jembe kombe. Dua ikagoma kwenda mbele. Maana wakishinda leo, siku ambayo nimezuiwa kuangalia, basi imethibitika. Nitakuwa gundu mpaka nazeeka. Nikirudi likizo nitasimama nje ya uzio wa uwanja ule, uzio ambao nguzo zake nyingine tulizichimbia sisi. Zawadi ataendelea kupiga pipa langu na jina langu litabaki kuwa kichekesho cha kuwasimulia wageni.

Nikanywa chai. Sikuomba tena.

Nilirudi giza linaanza. Achieng alikuwa kakaa kitandani, simu yangu mkononi, na uso wake ukaniambia kabla ya mdomo.

"Pole, my dear. Niliwatazama kwa account yangu. Wamechapwa mbili moja. Yule mrefu wenu amekosa penalti mwishomwisho."

Nilifurahi.

Nataka kuliandika hili bila kulipunguza. Sikusikitika kwanza halafu nikafurahi. Nilifurahi hapohapo, nikacheka kwa sauti, nikapiga makofi. Sikuwa mimi! Nilikuwa Bin Mahmoud naangalia kriketi, kwa hiyo sikuwa mimi! Nikawaza kundi zima linavyosoma jina langu leo na kukosa la kusema. Nikamwona Zawadi na rangi zake za kijani na nyeupe, nikafurahi zaidi.

Achieng akaniuliza, "Rehema, si hii ni timu yako?"

Kicheko kikaisha.

Nikachukua simu. Hakuna aliyeandika kitu kwenye kundi, na hilo ni kundi ambalo watu wanagombana mpaka kuhusu bei ya vifaranga. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa sauti, umeletwa kwangu binafsi, kutoka kwa Zawadi. Hatujawahi kuongea mimi na yeye. Nilijua anakuja kunilaumu hata kwa kutoangalia, nikajiandaa na majibu makali.

Alikuwa analia. Nyuma yake hapakuwa na sauti yoyote, wala pipa, wala mtu.

"Dada Rehema, shikamoo. Samahani kukusumbua. Watu wameondoka wote. Wameanza kusema gundu ni mimi, eti kwa sababu nililipaka pipa rangi. Wachezaji wamekaa katikati ya uwanja hawataki kunyanyuka, na mimi sijui nifanye nini. Dada, nyie zamani mkifungwa mlikuwa mnafanyaje?"

Niliusikiliza mara mbili. Chuo kizima, pamoja na Mwalimu Sanga na maabara yake, kimesimama hakijui la kufanya baada ya kufungwa fainali. Kwa kufungwa, sisi ndio tulikuwa mabingwa.

Wivu haukuondoka hapo, msinielewe vibaya. Ukaniambia, nyamaza. Acha wahangaike. Si walitaka uwapishe? Nikailaza simu kifudifudi kitandani. Achieng akasema, "Wewe, mtoto wa watu analia."

Nikarekodi.

Nilimwambia hivi. Kwanza, gundu halipo, na kama lipo basi leo limekosea njia, kwa hiyo ajifute machozi. Pili, sisi tukifungwa hatukuwaacha wachezaji wafue jezi zao wenyewe. Wakishinda, wafue, wazianike barabarani kila mtu azione. Wakifungwa, mashabiki tunawavua jezi uwanjani palepale, maana mtu aliyeshindwa asiachiwe na kazi ya kufua aibu yake. Pipa linageuzwa, mdomo unakaa juu, linajazwa maji kwenye bomba la zizini na tunafulia humo. Ndiyo maana nilichagua pipa. Ngoma isingeweza kushika maji.

Halafu kuna wimbo wake, ambao Zawadi hajawahi kuusikia kwa sababu hajawahi kuuhitaji. Nikamwimbia. Nilikuwa sijauimba tangu nije huku, nikashangaa maneno yote yapo:

*Mvua haikuja leo, tumepanda palepale,*
*shamba halikimbii, kesho tutapalilia.*

Unaimbwa polepole, hauna viuno. Nilimsisitizia hapo.

Akajibu upesi. "Asante dada. Ila rangi niliyopaka haitachujia kwenye jezi?"

Nikacheka, safari hii kicheko cha kawaida. Nikamwambia rangi ya mafuta iliyokauka haichuji, na isitoshe ameipaka nje wakati maji yanakaa ndani, afue tu, soksi azitenge.

Sasa hivi amenitumia video fupi. Taa ya zizini inawaka. Pipa limesimama na kijani chake, linafurika povu, na mikono mingi imezama humo, sijui amewarudishaje watu. Wengine ni wa mabuti yanayong'aa, sasa yamejaa matope. Mwalimu Sanga amekunja suruali, anakamua jezi vibaya. Wanaimba wimbo wangu. Wameukosea mstari wa pili, lakini mwendo wake wameupata. Wachezaji wamekaa ukutani na fulana za ndani, wanaangalia. Mwishoni Zawadi anageuza simu, uso umevimba kwa kulia, anasema, "Mama Pipa, hii yako."

Zawadi, kama siku moja utafika kwenye blogu hii: ndiyo, nilifurahi mlipofungwa. Nilipiga na makofi. Nisamehe ukiweza.

Na bado nina wivu. Nilidhani utakuwa umeisha, kumbe umehama tu. Mwanzoni niliwaonea wivu kwa kushinda. Sasa nimeitazama video hiyo mpaka Achieng amelalamika, na ninachoangalia ni mikono yao kwenye povu.

Asubuhi naingia zamu. Mashuka ya watu nisiowajua, yananuka manukato yao, yanaingia mashineni machafu na kutoka meupe, wala hakuna anayeniuliza wimbo. Ningetoa nini kesho nifue jezi moja tu ya Jembe?

Hata ile namba tisa. Hasa ile namba tisa.