Mstari Mwekundu wa Daftari

Jumatano, 30 Julai

Leo Mlezi wa tawi letu la chama katutembelea. Viti ni vyake, feni ni yake, kodi ya ofisi analipa yeye. Hata kalamu ninayoandikia hapa ina nembo ya kiwanda chake cha rangi. Sikuiba! Zipo boksi zima kabatini.

Alikuja kutupongeza. Zahanati sasa iko wazi usiku na mchana, na bila yeye tusingefika. Mabango alichapisha yeye, spika alikodi yeye, gari la kutupeleka wilayani lilikuwa lake. Nasema kweli, nilimpigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Kisha wifi akanyoosha mkono. Wifi yangu huyu, dada wa mume wangu, fundi cherehani, miaka kumi na tisa ndani ya chama. Ndiye tunayetaka agombee udiwani. Akasema: Mlezi, kwa zahanati tunashukuru. Lakini wale kina mama wanaojaza makopo ya rangi kiwandani kwako, mbona hawana mikataba? Mmoja akienda kujifungua kwenye zahanati yetu nzuri, akirudi anakuta nafasi yake ina mtu!

Feni tu inazunguka.

Mlezi akatabasamu. Swali zuri sana. Akamgeukia Meneja, yule mama anayesimamia mfuko wake wa misaada: andika hilo. Meneja akaandika neno moja tu, akafunga kijitabu. Sikupenda alivyokifunga.

Jioni nikamwambia wifi, ulishindwa nini kusubiri mchujo upite? Akacheka na pini mdomoni. Eti akisubiri udiwani ndipo apate mdomo, atakuwa hana tena la kusema. Na akishinda atanishonea sare ya ukatibu, yenye mfuko wa kufichia woga. Mshenzi huyu! Nilicheka mpaka machozi.

Baba watoto hakucheka. Yeye ni dereva wa mfuko wa Mlezi, mwaka wa nne sasa, na alikuwa kasimama mlangoni wakati wote wa kikao. Alisema tu: dada ana maneno.

Jumatatu, 4 Agosti

Mgombea wa pili kajitokeza! Wakili. Kijana msafi, viatu vinang'aa, kahamia mtaani mwezi wa tatu. Anazungumza haki za wanawake, mazingira, ajira kwa vijana — yote tunayosema sisi, ila yeye anayahesabu kwa vidole. Nimemsikiliza nusu saa nikakubaliana naye kila neno, na hilo ndilo linaloniudhi. Mikataba ya kiwandani hakuigusa.

Mwenyekiti wetu anasema Wakili ana watu. Sisi ni nini, mbuzi?

Hata hivyo sina wasiwasi. Daftari la wanachama lina majina 412, na nawajua karibu wote. Wengi ni wa wifi. Ijumaa nalifunga. Kazi hii ni yangu kila uchaguzi: siku thelathini kabla ya mchujo, chini ya jina la mwisho, napiga mstari mwekundu kwa rula, tarehe, saini. Baada ya hapo hata malaika haandikishwi.

Alhamisi, 7 Agosti

Barua imeletwa mchana huu. Semina ya siku tatu, kuanzia kesho asubuhi, hotelini nje ya mji! "Uwazi Ndani ya Chama." Mfuko wa Mlezi unagharamia. Makatibu wa matawi yote lazima.

Kesho asubuhi! Nguo hazijapigwa pasi. Mama mkwe kasema nenda tu, watoto ataangalia yeye. Wifi kanikunjia upindo wa sketi nikiwa nimeivaa, ananichoma na sindano makusudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Kitanda ni kikubwa kuliko jiko langu. Maji ya moto hayaishi! Nimeoga mara mbili, ya pili bila sababu.

Mtoa mada mzuri sana. Nimejaza kurasa kumi na moja. Wakati wa chai Meneja kaja kukaa nami, mimi, akawaacha wakubwa. Kauliza shule ya watoto, kaisifia mihtasari yangu, eti anaisoma yote. Kumbe ni mtu mwema. Nilimwonea bure.

Tumekaa ukumbini mpaka saa moja jioni. Usingizi unanichukua, na kitanda hiki kitanimeza.

Jumapili, 10 Agosti

Nina hasira na nafsi yangu, sijui nizipeleke wapi.

Turudi nyuma. Semina imekwisha saa nane. Baba watoto ndiye aliyetumwa kutuchukua, Meneja kaketi mbele, mimi nyuma na mabegi. Tumechekeshana njia nzima. Nikaingiza mkono mkobani kutafuta leso, nikashika rula.

Mungu wangu, sijachora mstari! Nilisema kwa sauti. Kwa sauti!

Baba watoto kaniangalia kwenye kioo. Meneja hakugeuka. Aliuliza taratibu tu: mstari gani, Katibu? Nami nikamweleza. Nikaeleza yote kama mtoto anayesoma ubao — ya kwamba daftari lilipaswa kufungwa Ijumaa, ya kwamba limelala kabatini siku ya tatu bila mstari. Nani alinituma?

Aa, akasema, basi. Akaangalia nje mpaka mjini.

Jumatatu, 11 Agosti

Saa moja asubuhi nilikuwa ofisini. Funguo ninazo mimi peke yangu. Daftari lilikuwa palepale, jina la mwisho 412, hakuna lililoongezeka. Nikapiga mstari.

Tarehe nikaandika 8, Ijumaa. Basi. Nani kadhurika? Hakuna aliyekuja, hakuna aliyeachwa nje. Sikusita hata kidogo, na sasa hilo ndilo linalonitia hofu.

Jumatano, 13 Agosti

Wamekuja. Mwenyekiti mbele, Wakili nyuma, boksi mkononi. Fomu za wanachama wapya 180! Zote zimeandikwa tarehe ya Jumamosi. Mwenyekiti anasema alizipokea nyumbani kwake kwa kuwa ofisi ilikuwa imefungwa. Mwandiko wa watu watatu kwenye fomu zote hizo. Nikazipekua — ni wale kina mama wa kiwandani. Walewale! Wasio na mikataba, wanaoambiwa na msimamizi wao waweke dole gumba hapa na hapa.

Nikasema daftari limefungwa tangu Ijumaa. Nikalifunua, nikawaonyesha mstari.

Wakili akauangalia kwa heshima zote. Akasema kanuni yetu haifungi daftari kwa kalenda, Katibu. Inasema daftari linafungwa kwa mstari na saini. Kama mstari ulipigwa Ijumaa, fomu hizi zimechelewa. Kama ulipigwa baadaye, zimewahi. Akanitazama usoni: ulipigwa lini?

Nikamwambia asome tarehe, si ana macho. Akatabasamu. Wanakata rufaa wilayani.

Jioni bombani jirani yangu, mmoja wa hao 180, alinipisha nichote maji mbele yake. Hakuniangalia. Alisema tu: shoga, nina watoto. Nikajibu hata mimi. Tukaishia hapo.

Ijumaa, 15 Agosti

Meneja kaniita. Ofisi yake ina baridi ya kuhifadhia nyama. Kanimiminia chai mwenyewe.

Hakuna anayetaka kukuumiza, Katibu. Mlezi anakupenda. Siku ya rufaa utaulizwa mstari ulipigwa lini, wewe jibu ukweli tu. Ulisahau, binadamu husahau, ukapiga Jumatatu. Si ndivyo semina ilivyotufundisha?

Ananidai ukweli, yeye! Na kila alichosema ndicho kilichotokea. Nikisema Jumatatu, nimesema kweli, na kina mama 180 wanapangwa foleni kumpigia kura mtu waliyechaguliwa na Mlezi. Wifi kwisha, na swali lake limekwenda naye. Nikisema Ijumaa, mimi ni mwongo mwenye mhuri wa chama.

Nikauliza, na nikisema Ijumaa? Akakoroga chai yake. Akasema yeye si mwanachama, hawezi kuingilia mambo ya chama. Ila Wakili huenda akaomba aitwe mtu mwingine aliyekuwa garini.

Nilimwaga chai kwenye sosa. Mtu mwingine aliyekuwa garini ni mmoja tu.

Sasa nafikiria zile tarehe za semina. Nani alizipanga? Hapana, hawakuwa na njia ya kujua kwamba nitasahau. Au walijua kwamba mtu akipewa kitanda kile atasahau chochote?

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemweleza baba watoto. Tulikuwa uani, yeye anapiga viatu rangi.

Akasema: mimi sikusikia kitu. Nikashusha pumzi. Akapiga brashi mara mbili tatu, kisha akauliza: lakini wakiniapisha?

Namjua mume wangu. Ni mtu asiyeweza kumdanganya hata mtoto kwamba sindano haiumi. Anamwambia inaumiza kidogo, vumilia. Nilimpendea hilo. Na akiapa kwamba hakusikia, wiki ijayo hana kazi. Akisema alisikia, dada yake hana tawi na mimi sina uso.

Nikamwambia tumwambie wifi. Akakataa katakata, na ana haki. Wifi akijua atasimama mwenyewe mbele ya kikao aseme mstari ni wa Jumatatu, kisha aende nyumbani kushona. Ndivyo alivyo.

Mama mkwe katoka na beseni la nguo, katukuta tumeinamisha vichwa pamoja. Kauliza kulikoni mnanong'ona, mmefiwa? Tukacheka wote wawili kwa pamoja, vibaya.

Jumanne, 19 Agosti

Wifi kaleta sare. Kashona kweli! Ya bluu, na kamfuko kadogo ndani upande wa moyo. Kaniambia niivae Alhamisi kwenye rufaa. Inanikaa vizuri mno. Nimeivua haraka.

Nimepanga kusema Jumatatu.

Hapana.

Alhamisi, 21 Agosti

Naandika kwenye benchi la korido, ofisi ya chama wilayani. Wametutoa nje kwa dakika chache.

Sare sikuivaa. Nimesema imechafuka.

Kikao ni watu watano, Mwamuzi katikati, mzee mpole mwenye kikohozi. Daftari langu mbele yao, limefunuliwa. Mwenyekiti wetu kasema lake. Wakili kasema lake kwa vidole vitatu. Nyuma kabisa, kwenye viti vya wageni, Meneja na mkoba wake magotini. Wifi kando yangu, kanishika mkono, anaona ninaogopa wakubwa. Ananiambia pumua, wifi, pumua, haki yako ipo kwenye karatasi.

Mwamuzi akauliza. Katibu, mstari huu uliupiga lini?

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Likatoka moja. Ijumaa.

Wifi akaniminya mkono. Mwamuzi akaandika. Nikaona imekwisha, nikaona kumbe ni rahisi hivi! Wakili akainuka bila haraka. Anaomba shahidi mmoja tu, mtu mwaminifu, asiye na chuki na upande wowote, ndugu wa mgombea mwenyewe. Yuko nje kwenye gari.

Ndipo tukatolewa.

Baba watoto kapita hapa mbele yetu sasa hivi. Kofia mkononi. Hakuniangalia mimi. Kamwangalia dada yake, kamgusa begani kidogo kwa vidole viwili, akaingia. Mlango umefungwa. Nasikia sauti yake ndani, ya chini, anataja majina yake matatu. Wanamwapisha.

Wifi kanigeukia. Uso wake bado una ile furaha ya jibu langu. Ananiuliza: wifi, kwani kaka yangu anajua nini?

Naandika ili nionekane nina kazi. Kauliza tena, na sasa ameuondoa mkono wake mkononi mwangu.