Nimekata Kiti cha Pikipiki Yako

Baba Kabula,

Nimekata kiti chako. Naanza na hilo ili kama ni kukasirika ukasirike mapema, tuendelee na mengine. Nilichukua kisu cha jikoni, nikachana ngozi ya juu, nikatoa sponji mpaka nikikaa miguu inagusa chini. Pale ulipozoea kukaa palikuwa pamebonyea upande mmoja, upande wa nyonga yako mbovu. Niliweka mkono pale nikalia mpaka Kabula akatoka ndani kuniuliza nimejikata wapi.

Ilikuwa yako kweli kweli, pikipiki hii. Uliipata wakati kampuni za pamba zilipoanza kuingia kushindana na chama cha ushirika, ukaajiriwa kuzungukia wakulima, kutwa nzima njiani. Ukakaa siku nyingi unaipima kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi. Usukani ukaunyanyua ili mgongo usiiname. Springi za nyuma ukazikaza. "Ikikuchosha kabla ya Lamadi, ujue umeiweka vibaya," ulikuwa ukisema. Nilikuambia unaipenda kuliko mimi, ukanijibu kwamba yenyewe angalau hainuni.

Sasa nimenuna, na wewe hupo. Nimekukasirikia pia, nisikufiche. Homa ya wiki moja tu, mtu mzima na mabega yale, unaondoka unaniachia mtoto huyu na barabara hii.

Unaujua ugonjwa wake. Selimundu haitaki baridi, haitaki kiu, haitaki kutikiswa, na safari ya kwenda kliniki Mwanza ina vyote vitatu. Tulipokuwa wawili tulimweka katikati, wewe mbele unakata upepo, mimi nyuma nimemkumbatia, anafika amelala. Mara ya mwisho tulipanda basi. Alibanwa kati ya magunia, maumivu yakampanda, akapiga kelele hadi konda akataka tushuke porini, eti mtoto asije akafia ndani ya gari lake. Sikushuka. Nilishikilia chuma cha kiti nikawatukana wote, mimi uliyekuwa unaniita mpole.

Mdogo wako Masanja aliahidi kutupeleka. Mara ya kwanza akasema ng'ombe wamepotea. Mara ya pili alikuja, lakini alikuja kuchukua pikipiki. "Shemeji, mwanamke na pikipiki wapi na wapi? Nipe niitunze." Nilikuwa nimeficha ufunguo kifuani. Nilidhani mama yako atamuunga mkono mwanawe, kumbe akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Masanja, leka! Mwache mayu, mama wa watu." Akaondoka. Hajarudi hata kumjulia hali mtoto.

Basi nimejifunza kuendesha. Yule fundi wako wa gulioni Dutwa amenifundisha uwanjani, nimevaa suruali yako, nimekunja mapindo. Vijana wa gulioni wamecheka mpaka wamechoka. Fundi ameushusha usukani na kuusogeza karibu nami, maana mikono yangu ilikuwa inakufa ganzi. Springi amezilegeza. Anasema ulizikaza kwa uzito wako na wa pamba, na sisi wepesi zingetutupa juu kila shimo. Matairi nayo kayapunguza upepo kidogo. Mbele amefunga kipande cha pipa la plastiki kuzuia ubaridi. Nyuma kwenye keria kuna dumu la maji na chupa ya uji. Kila alichokigusa nilimuuliza, "Je, mtoto hatatikisika?" Mwishowe akaniambia, "Mama Kabula, hii ni pikipiki, si kitanda."

Kosa nilifanya mimi. Nilinunua sponji mpya ya pale nyuma anapokaa Kabula (siku hizi madukani kila kitu kipo, umri tu ndio hauuzwi), nikaifunika kwa ngozi ya ndama, yenye manyoya yake, ili apate joto. Nikaitandika kama ng'ombe alivyo, shingo mbele, mkia nyuma. Ndivyo ngozi inavyokaa machoni petu. Tukatoka kwenda kuijaribu. Kwenye korongo la kabla ya gulio nikaongeza moto kupanda kingo, na manyoya yale yaliyolala kuelekea nyuma yakamtelezesha kama amekalia sabuni. Akabaki ananing'inia kwenye shati langu. Nilizima pikipiki hapo hapo mchangani. Hakulia. Aliniambia tu, "Mama, nyuma yangu hakuna mtu."

Baba Kabula, nilimfuta vumbi, nikaigeuza pikipiki tukarudi nyumbani.

Ngozi nimeigeuza, shingo sasa iko nyuma, na mtu hatelezi tena. Lakini siwezi kumwacha akae pale peke yake. Tangu juzi macho yake ni ya njano, vidole vimevimba, na nesi wa zahanati amesema anahitaji damu, nimpeleke Mwanza nisisubiri. Basi lenyewe limekufa, linangoja kipuri. Nimeamua kumfunga mgongoni kwa kitenge, kama alipokuwa mchanga, miguu yake mirefu ikining'inia huku na huku. Upepo utanipiga mimi. Nikianguka, tumeanguka wote, na hilo nalijua. Sijawahi kuiendesha kupita Dutwa.

Mama yako ameshampaka mafuta na kumvisha sweta mbili. Nikimaliza hapa tunatoka. Nimeomba kila ninachojua kuomba, nimebaki na wewe.

Nakuahidi nitamfikisha. Nitakwenda taratibu, nitasimama kila anapotaka maji, na nikichoka nitaendelea hivyo hivyo nimechoka. Kwaheri, mume wangu. Najua umemkumbuka, na najua upole wako kwake. Lakini ukimwona Kabula anakuja huko, usimpokee. Usimfungulie mikono. Mgombeze kama hujawahi kumgombeza, umwambie arudi kwa mama yake.

Mkeo,
Mama Kabula