Namba kwenye pompe ya mama

Jumatano, mangaribi

Mia moja na kumi na mbili. Ndiyo namba ya mivuto iliyobaki niliyoikuta kwenye pompe ya mama ya kuvutia dawa ya pumu, ile ya kahawia, niliporudi leo kutoka Kasumbalesa. Niliiacha kwenye mia moja na makumi mawili, siku kumi zilizopita. Mivuto miwili asubuhi, miwili jioni: ilipaswa kuwa makumi nane.

Nilikasirika. Mimi ndiye niliyekaa mbele ya munganga wa hospitali, nikaandika yote aliyosema. Mama yeye anasikiliza bamama ba kanisa, eti pompe inazoeza mapafu, eti ni dawa ya mwisho kabla ya kufa.

"Mama, unavuta tu kifua kikibana?"

"Njo vile, mutoto wangu. Naichunga juu ya siku mubaya."

"Ya siku mubaya iko ile pompe ingine, ya bleu. Hii iko ya kila siku, juu siku mubaya isifike."

Akaitazama pompe. Kisha, kwa sauti ndogo: "Basi haiko alama ya kufa?"

Kumbe alikuwa anaogopa. Na mimi nilidhani ni ubishi tu.

"Hapana, mama. Vuta, ushike pumzi."

Nilihesabu polepole mpaka kumi. Tangu niliposema moja, alikuwa amenishika mkono.