Kitenge cha Kununulia Zamu

Lubumbashi, Ijumaa. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri na vumbi jekundu la mtaa wetu wa Naviundu limetulia.

Mimi sijatulia.

Saida, binti yangu wa kwanza, amekubaliwa kusoma udaktari. Ada ya kuanzia ilipwe Jumatatu, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Wiki nzima watu wenye heshima zao wamenishauri nikakope kwa riba. Ni dharura, wanasema. Siku hizi kila mwenye haraka ana dharura mfukoni.

Lakini hao si walionichoma zaidi. Walionichoma ni wahubiri wetu, wanaonguruma mimbarini kwamba riba ni haramu, kisha wanashuka kwenda kula. Nimewauliza mara nyingi: basi mtoto asomeje? Kukataza bila kuonyesha njia ni kumfungia mtu mlango na kumlaumu kwa kulala nje.

Na njia ipo. Huku tunaiita likelemba: mnachanga kila mwezi, na kila mwezi mmoja wenu anabeba chote. Mwisho wa mzunguko hakuna aliyepata zaidi ya alichotoa. Mimi, fundi cherehani mwenye vitabu vingi kuliko wateja, nimo katika likelemba ya mtaa wetu. Tatizo ni kwamba zamu yangu iko Januari. Ya mwezi huu ni ya Mama Ngoie, Mkatoliki, muuza unga, ambaye ameingoja ili anunue mabati.

Jana nilichagua kitenge kizuri kuliko vyote nilivyo navyo, nikakikunja. Mama Ngoie anipe zamu yake, achukue ya Januari, na kitenge juu yake. Wengi hapa hufanya hivyo. Wanaita shukrani.

Saida alinikuta mlangoni, akauliza kitenge kinakwenda wapi. Nikamweleza.

"Ile njo riba ya kuvaa, Papa. Miye siende ku masomo na ile."

Yeye ndiye angepoteza nafasi, na yeye ndiye aliyekataa.

Nikakiacha kitenge juu ya cherehani, nikaenda mikono mitupu kuomba.

Mama Ngoie alicheka sana. Akataka kujua kama ni mimi yule anayegombana na dunia nzima kwenye mtandao, maana leo nimekuja mpole kama bibi harusi. Kisha akatazama mawingu.

"Mabati itangojea, masomo haitangojea. Kamata zamu, Papa Saida. Lakini mutoto akikuwa munganga, ataanza na magoti yangu."

Sharti hilo nalo nililipima kisheria, kama ni riba au la, njia nzima ya kurudi, mpaka nikajicheka mwenyewe.

Leo alfajiri, mvua ilipolipiga paa langu, nilimfikiria yeye akipanga ndoo zake chini ya paa lake linalovuja.

Miaka yote nimeandika juu ya milango iliyofungwa. Kwa nini sikuwahi kuandika juu ya mtu kama huyu?

Jumatatu Saida anajiandikisha. Na Januari, hata nikilala njaa, Mama Ngoie atapata mabati yake.